Namna ya kufundisha wanafunzi kufikiri katika somo lolote: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mwalimu anaingia darasani akiwa ameazimia kwamba leo wanafunzi watafikiri. Anauliza swali zuri. Kimya. Kile kimya kinamtia wasiwasi, anaongeza maelezo, anadokeza nusu ya jibu, wanafunzi wanamalizia silabi ya mwisho kwa pamoja, na kipindi kinaendelea. Aliyefikiri hapo ni mmoja tu, naye ndiye aliyeshika chaki.

Walimu wengi hukwama hapo hapo, wa Hisabati kwa wa Historia. Hukwama kwa sababu wanaongeza shughuli darasani (makundi, mabango, michezo) huku kazi yenyewe ya kufikiri ikibaki mikononi mwao. Hatua zilizo hapa chini zinalenga kuihamisha kazi hiyo. Anza na kipindi kimoja, mada moja, darasa moja. Ukishakizoea, utakipeleka kwenye vipindi vingine.

## Vitu vya kuandaa

- Swali moja kuu, limeandikwa neno kwa neno kwenye andalio la somo. Swali la kubuni papo hapo mara nyingi huharibika mdomoni.
- Kipande cha karatasi au ukurasa wa nyuma wa daftari kwa kila mwanafunzi.
- Majina ya wanafunzi kwenye vikaratasi ndani ya kopo au bahasha, ya kuchagua wa kujibu.
- Saa unayoweza kuiona bila kugeuka.
- Ubao uliogawanywa mara mbili: upande mmoja “Tunavyodhani”, upande wa pili “Tumejuaje”.
- Ushahidi wa kuamulia swali mwishoni: jaribio, ramani, nyaraka mbili, kifungu cha hadithi au uthibitisho wa kihisabati.

Huhitaji projekta wala kompyuta.

## Hatua ya 1: Chagua mada wanayoijua nusu

Chagua mada ambayo wanafunzi wameshaisoma kiasi, lakini bado wana mawazo yaliyopinda kuihusu. Mtu hawezi kufikiri juu ya kitu asichokijua kabisa, ataishia kubahatisha. Wakati huohuo, mada waliyoimaliza haina cha kuwasumbua.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wapenzi wa “elimu ya kisasa” hawalipendi: maarifa ya kichwani hayapingani na kufikiri. Anayejua jedwali la kuzidisha kwa moyo ana nafasi zaidi akilini ya kushughulika na tatizo lenyewe. Kwa hiyo usitupe ufundishaji wa moja kwa moja. Fundisha kwanza, kisha wasumbue.

## Hatua ya 2: Tunga swali lenye mkwaruzo

Tumia muda wako mwingi hapa. Swali baya halikomboleki kwa mbinu yoyote itakayofuata.

Usidanganywe na neno “kwa nini”. “Kwa nini mvua hunyesha? Toa sababu nne” ni swali la kukariri lililovaa miwani ya msomi, kwa sababu sababu zote nne zimo kwenye daftari la wiki iliyopita. Swali linalofikirisha lina dalili tatu: wanafunzi werevu wanaweza kutofautiana kulijibu, jibu lake halimo kwenye daftari, na kuna njia ya kuamua nani yuko karibu zaidi na ukweli.

Hii ni mifano unayoweza kuichukua kama ilivyo:

Hisabati. “Ukizidisha namba, jibu huwa kubwa kuliko namba uliyoanza nayo. Kweli daima, kweli wakati mwingine, au si kweli kamwe?” Wengi watasema daima, mpaka mtu ajaribu 8 × 0.5. Ukisikia “kumbe!” mstari wa nyuma, swali limefanya kazi.

Sayansi. “Vipande viwili vya barafu vinalingana. Kimoja kimeachwa mezani, kingine kimefungwa ndani ya sweta. Kipi kitaisha kuyeyuka kwanza?” Kama barafu haipatikani, waambie washike chuma cha dawati, kisha ubao wake, waseme kipi kina baridi zaidi. Kipimajoto kitawashangaza: vimekaa chumba kimoja usiku kucha, jotoridi lao ni moja. Chuma huhisiwa baridi kwa kuwa hufyonza joto la mkono haraka zaidi.

Kiswahili. “‘Haraka haraka haina baraka’, na papo hapo ‘Ngoja ngoja huumiza matumbo’. Wazee walijipinga? Andika hali moja ambayo methali ya kwanza ingempotosha mtu, na nyingine ambayo ya pili ingempotosha.” Swali hili hulivuta hata darasa lililochoka, maana kila mtu ameshawahi kutupiwa methali isiyomfaa.

Historia. Toa maelezo mawili ya tukio moja yasiyokubaliana, kwa mfano barua ya askari na ripoti ya kamanda wake kuhusu pambano lilelile. Usiulize nani mwongo. Uliza: “Kila mmoja alimwandikia nani, na alitaka huyo msomaji aamini nini?”

Jiografia. Ramani isiyo na majina wala miji, yenye mito, milima na pwani tu. “Weka miji mitatu. Tetea kila mmoja.” Kisha onyesha ramani kamili.

*Tahadhari:* swali la mtego, ambalo lengo lake ni kumwonyesha mwanafunzi kwamba ni mjinga, halifundishi kufikiri. Linafundisha kunyamaza.

## Hatua ya 3: Uliza mara moja, kisha nyamaza

Soma swali kama ulivyoliandika. Nyamaza.

Miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe aliupima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde moja. Walimu waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu waliongezeka, na “sijui” zikapungua. Hakuna mbinu nyingine ya bei rahisi kama hii, na hakuna iliyo ngumu kuishika kama hii, kwa sababu sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu mno.

Kuna kimya cha namna mbili, na walimu wengi hukisahau cha pili. Cha kwanza ni baada ya swali. Cha pili ni baada ya mwanafunzi kumaliza kujibu. Ukimaliza kumsikiliza usiseme lolote kwa sekunde tatu, mara nyingi ataendelea mwenyewe: “…kwa sababu…” Hiyo “kwa sababu” ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Hesabu kimoyomoyo, au tazama saa. Usirudie swali kwa maneno mengine wakati wa kimya, maana kila ukilibadilisha unawaanzisha upya. Na usikubali majibu ya kupayuka au ya kwaya. Kwaya huwaficha wasiojua, na wewe huwezi kujua ni nani kafuata sauti ya jirani.

## Hatua ya 4: Kila mtu aandike, kisha wawili wawili

Dakika mbili za kuandika peke yake: jibu na sababu moja. Dakika tatu za kumwelezea jirani. Ndipo darasa zima. Mpangilio wa kufikiri, kuongea wawili wawili na kushirikisha darasa ulielezwa na mwalimu Frank Lyman mwaka 1981, na umeenea kwa sababu unafanya kazi hata kwenye darasa la watu wengi lenye madawati yasiyosogezeka.

Kuandika kwanza ni sharti. Ukiwapeleka moja kwa moja kwenye mazungumzo, mwenye sauti kubwa ataamua na mwenzake atatikisa kichwa. Aliyeandika tayari ana msimamo wake, hata kama hautaji.

Wakati wa wawili wawili, zunguka ukisikiliza. Usisahihishe. Kazi yako hapo ni kujua mawazo gani yapo, ili ujue utaanza na nani. Mimi hupendelea kuanza na jibu lenye kosa lenye mantiki, kwa sababu lina cha kuchimbwa. Jibu sahihi likitangulia, nusu ya darasa hufunga kalamu.

*Tahadhari:* makundi ya watu saba au wanane ni makubwa mno kwa kazi hii. Wawili huandika na kubishana, wengine hupiga soga. Bakia kwenye wawili, au watatu idadi ikiwa witiri.

## Hatua ya 5: Chimba jibu bila kulihukumu

Chukua jina kutoka kwenye kopo. Akishajibu, usiseme “safi sana” wala “hapana”. Yote mawili yanafunga mjadala: la kwanza huwaambia wengine waache kufikiri kwa kuwa jibu limepatikana, la pili humwambia mjibuji asijaribu tena.

Badala yake tumia maswali machache yaleyale, kila siku, mpaka wanafunzi wayazoee na waanze kuulizana wenyewe:

- Umejuaje?
- Unaweza kupata mfano unaoivunja kauli hiyo?
- Ingekuwaje kama tungebadilisha kitu hiki kimoja?
- Mwenzako amesema nini, kwa maneno yako? Unakubaliana naye wapi?

Tazama swali la barafu na sweta linavyoweza kwenda:

— Ya kwenye sweta itaisha kwanza, mwalimu.

— Umejuaje?

— Sweta lina joto.

— Sweta hili limekaa juu ya meza tangu jana. Nikiweka kipimajoto ndani yake, kitasoma zaidi ya hewa ya chumba, pungufu, au sawa?

(Kimya. Mwalimu anaangalia saa.)

— Zaidi… kidogo.

— Kuna anayeona tofauti?

— Mimi naona sawa. Sweta halina moto. Joto ni la kwetu sisi tunaolivaa.

— Basi sweta linafanya kazi gani?

— Linazuia joto lisitoke.

— Na likifunga barafu?

— Linazuia… Aa! Linazuia la nje lisiingie. Basi ya mezani ndiyo itaisha kwanza!

Angalia mwalimu alivyosema machache. Hakufundisha kizuia joto kwa tafsiri ya kitabu, aliuliza swali moja ambalo kipimajoto kinaweza kulijibu. Upande wa “Tunavyodhani” ubaoni sasa una majibu mawili, na wa “Tumejuaje” una hoja moja nzito.

Ni kweli kwamba “umejuaje?” ikitamkwa kwa sauti kali inageuka kuwa mahojiano ya kituoni. Iulize pia pale mwanafunzi anapopatia. Wakizoea kuisikia kwenye makosa tu, wataikimbia.

## Hatua ya 6: Amua swali kwa ushahidi

Usimalize kwa “kila mtu ana maoni yake”. Fungua sweta wazione barafu. Pigeni hesabu. Someni nyaraka. Fungueni ramani kamili.

Baada ya hapo fundisha waziwazi, dakika tano au kumi, kwa msamiati sahihi wa somo. Sasa maelezo yako yanaingia mahali penye njaa. Ungeyatoa mwanzoni, yangekuwa ya kunakili tu.

Kuna maswali yasiyofungika kabisa, kama lile la methali. Hata hayo yana majibu hafifu na majibu yenye nguvu. Waeleze wazi kwa nini hoja fulani imeshinda nyingine.

## Hatua ya 7: Warudie walichodhani mwanzoni

Kila mmoja arudi kwenye kile kipande alichoandika na aongeze sentensi moja: “Mwanzo nilidhani… Sasa nadhani… Kilichonibadilisha ni…” Kama hakubadilika, aseme ni hoja gani ya upande wa pili iliyomsumbua zaidi.

Wasifute jibu la kwanza. Hili nalisisitiza kwa sababu wanafunzi wengi wamefundishwa kuona aibu kwa mstari uliokatwa, na wakipewa nafasi watachana ukurasa. Jibu la zamani likibaki pale, mwanafunzi anaona mwendo wa akili yake, na wewe unapata cha kusoma jioni.

Kusanya vipande vyote. Usome kumi tu kama darasa ni kubwa. Ukikuta “kilichonibadilisha ni mwalimu kusema”, hatua ya 5 au ya 6 ililegea. Ukikuta “kilichonibadilisha ni kipimajoto” au “ni mfano wa 0.5”, umefaulu.

## Hatua ya 8: Hamishia somo lingine, na onyesha tofauti

Walimu wengi hudhani mwanafunzi aliyejifunza kuhoji kwenye Sayansi atahoji pia kwenye Historia. Hahamishi mwenyewe, lazima ahamishwe kwa mkono. Mkubaliane walimu wawili au watatu wa darasa moja kutumia “umejuaje?” ileile kwa wiki chache. Wanafunzi wataanza kucheka: “Na wewe mwalimu?” Kicheko hicho ni habari njema.

Lakini swali likiwa moja, jibu linalotosha hutofautiana kwa somo, na hili lazima lifundishwe.

Kwenye Hisabati, mifano haithibitishi. Wape kauli “jumla ya namba witiri mbili ni shufwa”. Watajaribu 3 + 5, 7 + 9, 11 + 21, kisha watangaze kwamba imethibitika. Waulize kuhusu zile ambazo hawajazijaribu. Wakisema haiwezekani ikakataa ghafla, wape kanuni n² + n + 41. Weka n = 0, utapata 41, namba tasa. Weka 1, utapata 43, tasa. Endelea hadi 39, zote tasa. Weka 40: unapata 1,681, ambayo ni 41 × 41. Mifano 40 mfululizo imekubali, wa 41 umekataa. Ndipo warudi kwenye witiri na kutafuta hoja inayoshika zote: kila namba witiri ni jozi jozi na kimoja kimebaki, na ukizijumlisha mbili, vile viwili vilivyobaki vinafanya jozi.

Kwenye Sayansi, “umejuaje?” hujibiwa kwa kipimo, na kipimo kinarudiwa. Kwenye Historia, hujibiwa kwa chanzo, pamoja na kuhoji aliyekiandika. Kwenye fasihi, hujibiwa kwa mstari wa shairi au kifungu cha hadithi, si kwa “naona tu mhusika ni mbaya”. Bandika ukutani orodha fupi ya haya, somo kwa somo.

## Hatua ya 9: Badilisha jaribio lako

Wanafunzi husomea kinachotahiniwa. Ukifundisha kufikiri kisha ukatahini kukariri, wataiamini karatasi ya mtihani kuliko maneno yako, na wana haki.

Huhitaji kubadilisha jaribio zima. Badilisha swali moja kati ya matano. Badala ya “Taja vizuia joto vitatu”, andika: “Mtu anasema blanketi hupasha mwili joto. Eleza kosa lake, na pendekeza jaribio la kumwonyesha.” Gawa alama hivi: 1 ya kutambua kosa, 2 za sababu, 2 za jaribio linaloweza kufanyika kweli. Jibu sahihi lisilo na sababu lisipate zaidi ya alama 1. Jibu lenye kosa dogo lakini lenye hoja iliyopangwa lipate alama zake za hoja.

Waonyeshe mgawanyo huo wa alama kabla ya jaribio. Hakuna siri ya kulinda hapo.

## Ukikwama

Hakuna anayejibu. Pengine hawaogopi swali, wanaogopa kucheka kwa wenzao. Soma majibu mawili kutoka kwenye vikaratasi bila kutaja majina, na jadilini hayo.

Wanaomba jibu. “Mwalimu, tuandike nini?” Waambie jibu litakuja hatua ya 6, na lije kweli. Darasa lisilopewa jibu mara mbili halitakuamini mara ya tatu.

Wanajua swali ni la mtego, wanajibu kinyume. Changanya. Siku nyingine uliza swali ambalo jibu la kwanza kichwani ndilo sahihi.

Wanakokotoa bila kusoma. Kuna swali maarufu lililowahi kupewa watoto wa shule za msingi Ufaransa: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Wengi walijumlisha, wakapata 36. Liulize darasani kwako kwa uso mkavu. Kisha, kwa mwezi mzima, ingiza kwenye kila zoezi swali moja lisilo na taarifa za kutosha, na jibu linalokubalika liwe “haiwezekani kujua, kwa sababu…”.

Muhtasari wa somo hautakwisha. Hofu hii ina msingi, na anayeipuuza hajawahi kuulizwa na mkuu wa shule amefika mada ya ngapi. Usifanye kipindi hiki kila siku. Kwenye mada yenye vipindi sita, tenga kimoja, na kiwe kile cha mahali wanafunzi wako hukosea kila mwaka. Utapajua kwa kufungua karatasi za mtihani uliopita na kutafuta swali ambalo wengi walianguka. Vipindi vingine vitano fundisha kama ulivyozoea, ila baki na zile sekunde tatu.